Mkanda wa Gome

Kwaru, kwaru, kwaru. Nekesa aliisikia sauti hiyo kabla hajafungua dirisha, akajua ni panga linalobambua gome bichi. Aliuza dawa za miti sokoni Eldoret, na kazi hiyo aliifahamu kwa masikio. Ila yeye hukwaruza mara chache akaacha. Mama yake alimfundisha kutoa gome upande jua linakochomoza, kiasi cha kiganja, kupaka kidonda udongo na mavi ya ng'ombe, kisha asirudi mpaka kipone. Sauti ya asubuhi hiyo ilikuwa inazunguka.

Alimkuta mumewe, Wabuge, chini ya mti wa mwiri kwenye ploti jirani. Alikuwa amemaliza kubambua mkanda mzima kuzunguka shina. Tajiri mwenye ploti alitaka kujenga, na kibali cha kukata mti ulio hai husumbua. Mti mkavu hukatwa siku hiyohiyo.

"Si unaona majani ni kijani?" Wabuge akasema. "Uko sawa tu."

"Maji hupandia kwa mbao, Baba Tyson. Chakula ndicho hushukia kwa gome. Majani huwa ya mwisho kujua."

Jumatano ngozi ya Wabuge ilitoka kiunoni, mkanda mzima, bila damu wala maumivu. Aliikunja akaiweka juu ya kabati. Tangu hapo chakula hakikuvuka kiuno. Alikula ugali na mrenda kama kawaida. Mashavu yakajaa, shati likabana kifuani, miguu ikakonda kama fimbo za kuswagia ng'ombe. Maximilla, muuguzi wa zahanati, alimpima pande zote mbili, akaandika kwamba juu ni mzima na chini ana njaa, kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Waliopita nje ya ua walimwona kuanzia kifuani kwenda juu, wakamsifu kwa kunawiri.

Nekesa hakuwa na nguvu za kulia. Alikata vichipukizi vinne vya mwiri uleule, akavichonga ncha, akachomeka ncha moja chini ya gome la juu la mti na nyingine chini ya gome la chini, vikavuka kidonda kama madaraja. Akavifunga kwa mpira wa baiskeli, akapaka udongo. Viwili vilinyauka. Viwili vikashika, na mwezi mmoja baadaye vidole vya miguu vya Wabuge vikapata joto. Akaweza kutembea hadi getini.

Hapo getini ndipo tajiri alipompigia simu. Amechoka kungoja mwiri ukauke. Amepata ploti nyingine njia ya Turbo, ina miti kumi na miwili. Wabuge alisema sawa, bosi. Kisha akaomba panga.

Nekesa alilitoa chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akampa.

"Nitakuja nyuma yako na vijiti," alisema. "Hiyo kumi na miwili nitaifunga yote, nakuahidi. Ukibambua wa kumi na tatu, Baba Tyson, nakuahidi pia: nitakuwa nimelala."