Pigo la Nne

Jumatano saa kumi na moja jioni, mwalimu wa kwaya aliandika ubaoni wimbo wa Jumapili, mapigo manne kila kipimo, akainua mkono. Moja, mbili, tatu. La nne halikutoka. Waimbaji wakabaki midomo wazi, na maji ya bomba la uani yakasimama hewani. Kisha kishindo cha pasi kikasikika kutoka ng'ambo ya barabara, na wote wakaendelea.

"Nani kakosea?" mwalimu akauliza.

"Si sisi, Mwalimu. La nne halipo humu."

Ng'ambo aliishi dobi. Wiki iliyotangulia alifukuzwa kwenye kwaya kwa kusema kwamba wimbo ule aliutunga yeye, mezani pake: misukumo mitatu ya pasi, kisha kuitua.

Mwalimu akavuka barabara.

"Karibu. Umeleta nguo?"

"Dada yangu, umeondoka na pigo letu."

"Ni langu, na wimbo ni wangu. Andika jina langu, na pigo nitalileta mwenyewe."

"Karatasi zimeshachapwa."

"Basi imbeni karatasi."

 Mwalimu alirudi akamteua binti wa dobi, aliyebaki kwayani, aanze wimbo peke yake.

Jumapili madirisha yote ya kanisa yalifunguliwa. Dobi alikwisha kusali, akiomba asilegee. Meza haikuwa na nguo, maana hakufanya kazi siku hiyo, lakini pasi ilikuwa mkononi, ya moto. Akamsikia binti yake: moja, mbili, tatu. Akaishikilia pasi hewani.

Kanisani miali ya mishumaa ilitulia. Mzee wa kanisa alikwama katikati ya kikohozi. Binti alibaki na sauti ile ile, hawezi kuifunga wala kuvuta pumzi, mishipa ya shingo imemtoka, midomo inaingia weusi. Mwalimu, mkono juu, hakumtazama yeye. Alitazama dirishani.

"Bwana, unaona," dobi akasema.

Akaitua pasi juu ya meza tupu. Akaitua tena na tena hadi wimbo ukaisha, na waumini wakampigia mwalimu makofi.

"Mama, nimeimba vizuri?" binti aliuliza aliporudi.

"Vizuri sana, mwanangu," akajibu, akifunika meza iliyoungua.

Mwezi uliofuata karatasi zilichapwa upya. Chini ya jina la mwalimu paliongezwa mstari mmoja mdogo: Madirisha yafunguliwe.