Kahawa Niliyompa Celestin

Mjukuu wangu Deodatha ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Ihanda. Mwaka jana aliomba kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, kazi ya kuwasaidia watu waliopoteza maneno kwa kiharusi na maradhi mengine, na kuwafundisha upya kumeza. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Chuo kilitaka vyeti, barua mbili za wadhamini, na kurasa mbili za kueleza kwa nini achaguliwe yeye. Vyeti alikuwa navyo, wadhamini aliwapata. Kurasa mbili zilimshinda, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Jumatano alizipeleka kwa Zuena, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale barabarani. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Zuena alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Shoga, hii ni barua au mahubiri? Unapenda watu, unapenda kuhudumia jamii. Nani atasema hapendi? Hata mimi nikiomba nitaandika hivi hivi."

"Kujisifu siwezi, Zuena."

"Usijisifu. Sema ulichofanya. Yule mzee jirani yenu, si wewe uliyemwokoa?"

Deodatha alinitazama mara moja, akazikunja karatasi, tukaondoka.

Nilijua kwa nini. Mzee Celestin alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakabaki "ndiyo" na "hapana", na hayo nayo aliyachanganya. Wiki ya pili baada ya kutoka hospitali, mkewe Anonciata alimleta kunisalimia. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa. Nilileta kikapu, nikamwekea punje tatu kwenye kiganja cha kushoto.

"Mama, sijui kama ataweza," alisema Anonciata.

"Mtu akose kahawa nyumbani kwangu?"

Celestin akazitia zote mdomoni. Hakutafuna. Alipaliwa, akakohoa, kisha kikohozi kikakatika na midomo ikabadilika rangi. Deodatha alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, anatoka kazini. Alitupa mkoba, akamwinamisha mzee, akampiga katikati ya mabega kwa kiganja. Nilihesabu. Pigo la nne ndilo lililoitoa punje.

Jioni ile ya Jumatano nilimwambia, "Andika habari ya kahawa."

"Bibi, niandike kwamba nyumba yetu ilikaribia kumuua jirani?"

"Nyumba haikumpa mtu kahawa. Andika bibi yako."

"Watakucheka."

"Watapanda basi mpaka Ihanda waje kunicheka?"

Alicheka yeye. Kisha akafungua daftari, akaanza upya. Aliandika kwamba hakuwa na mafunzo ya kumfundisha mtu kumeza, akapiga simu kwa daktari wa hospitali ya wilaya kuuliza, na akaenda kwa Celestin kila jioni miezi mitano. Alipokwama nilimkumbusha: maji alimzuia kwa kuwa yalimpalia, uji ukafanywa mzito, alimwonyesha kisu, kijiko na jembe, akasubiri jina mpaka Anonciata akasinzia. Neno jipya la kwanza lilikuwa "chumvi". Uji haukuwa nayo, na mzee alikuwa amekasirika. Hilo nalo aliliandika.

Alhamisi Zuena alichapa, akatuma. Hakusema kitu ila, "Sasa ni wewe."

Walimwita kwenye usaili kwa simu ya video. Walimuuliza angemwambia nini bibi aliyetoa kahawa. Alijibu kwamba angempa bibi kazi ya kufanya, maana atakuwepo siku ambazo muuguzi hayupo. Baada ya wiki tatu jina lake lilitoka, la tisa.

Kabla ya kuondoka mwezi wa kumi alituketisha, Anonciata na mimi, atufundishe kumlisha Celestin. "Kijiko kimoja, kidevu chini, asubiri. Akimeza aseme 'aaa'. Sauti ikiwa kama ina maji ndani, acheni kwanza, akohoe."

Anonciata hushika kijiko. Mimi hukaa upande wa kulia na kusikiliza sauti. Jana ilikuwa na maji mara moja, kwenye kijiko cha sita. Tulisubiri, akakohoa, tukaendelea.