Usimeze, Thomasi

"Onja, usimeze," baba mdogo Manase aliniambia tena, kana kwamba mimi ni kiziwi. "Kwanza nusa, mdomo ukiwa wazi kidogo, ukiufumba, pua itaungua. Tia matone mawili ya maji. Zungusha ulimini, kisha teme kwenye ndoo. Anayemaliza glasi ya kwanza hafiki ya tatu."

Alikuwa amewamiminia Wazungu wiski katika hoteli moja ya Arusha miaka ishirini bila kuonja tone, kwa kuwa sheria ilimkataza Mwafrika. Sasa sheria ilikuwa imelegezwa, na wakala wa wiski aliyeniajiri alitaka makarani wake wote waijue bidhaa, akamwomba yeye atufundishe hapo hapo hotelini alichojifunza kwa kutazama. Asiyeonja, hana kazi.

Sikuwa na raha hata chembe. Saa kumi nilitakiwa Akeri, kwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa la Kilutheri, kusikia jibu la posa ya binti yake Eunike. Alishanionya: "Siku nitakayosikia harufu ya pombe kwako, Eunike msahau." Kila dakika niliitazama saa ya ukutani, nikimlaani wakala kimoyomoyo kwa kuchagua Jumamosi hiyo hiyo.

Nilifuata mafunzo. Nikanusa, nikatia maji, nikazungusha, nikatema. Ya kwanza ilinuka moshi wa jikoni kwa bibi, nyingine sikumbuki. Ilipofika saa nane na nusu, koti langu lilikuwa bado kavu, bila tone. Nilikuwa nimeshashika kofia wakala aliposema, "Manase, leo nawe onja."

Baba mdogo alipiga funda moja, akafumba macho. Nikangoja aielekee ndoo. Badala yake alinigeukia, akanipulizia funda lote kifuani, kama wazee wetu wa Meru walivyobariki kwa pombe ya asali.

"Uoe, uzae," alisema, machozi yakimlenga.

Makarani walicheka. Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Ndoo ilikuwa pale pale miguuni pake!

Nilikanyaga baiskeli hadi mto Themi, nikavua koti, nikalishika juu ya maji nilioshe. Mkono ukagoma. Nilimpenda Eunike, Mungu anajua, lakini funda lile lilikuwa la kwanza katika maisha ya mzee yule, naye hakulimeza. Alinipa mimi. Nikalivaa koti tena, nikanuka hadi Akeri.

Mzee Anaeli alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Pua yake ilicheza. Nyuma yake Eunike alijiziba mdomo kwa kanga.

"Umekunywa, Thomasi?"

"Sikumeza, mzee. Baba mdogo Manase amenibariki."

Alisogea, akayagusa madoa yaliyotawanyika kifuani pangu, moja baada ya jingine. Mimi nikaanza kuhesabu kuku wa uani.

"Baba yangu alinipulizia hivi hivi," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "kabla sijabatizwa."

Akaniachia njia mlangoni.

"Marahaba," akasema. "Ingia, mwanangu. Ila koti kalianike kule migombani, nyuma kabisa. Mchungaji yuko njiani."