Shoka la Springi ya Lori

Mzee mmoja alitema kipande cha chuma katikati ya karamu ya harusi. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto, lakini kilimvunja jino, na biriani ile aliipika Mashavu, mpishi wa harusi mjini Jeddah. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Kesho yake alilitazama shoka lake alilolinunua dukani, akaona makali yamemeguka.

Lilikuwa shoka la pili kumharibikia tangu Jeddah ifurike fedha za mafuta, kila mwenye harusi akataka ngamia mzima. Mfupa wa ngamia haukatwi kwa chuma cha ovyo. Na Bi Mwanamize wa Riyadh alikwishamwomba akampikie harusi ya bintiye baada ya Idi.

Mashavu akamwambia mumewe, Soud, kuwa hanunui tena. Atafua shoka lake mwenyewe. Marehemu baba yake alikuwa mhunzi Pemba, na yeye ndiye aliyekuwa akimvutia mivukuto mpaka walipohama mwaka wa sitini na nne. Soud, aliyeendesha winchi bandarini, aliuliza majirani wa Al-Mahjar watasema nini wakisikia mwanamke anagonga chuma ndani.

"Watasema napika," Mashavu akajibu. "Moshi ni moshi."

Akaingia kazini. Kwenye magari mabovu nyuma ya mtaa alipata springi ya lori na feni ya gari. Chumba cha stoo akakigeuza karakana: matofali ya jiko, feni ya kupuliza makaa, na kipande cha reli kuwa fuawe ya kugongea chuma. Springi iliiva nyekundu, akaipiga, ikapoa, akairudisha motoni. Upande mmoja aliupanua uwe bapa, upande wa pili akauchonga mkia wa kupenya kwenye mpini, kama mashoka ya kwao. Alipoona limekaa, akalitia moto mara ya mwisho na kulizamisha kwenye ndoo ya maji, kama alivyofanya baba yake.

Likalia kama gilasi. Ufa ulipita toka makalini hadi mkiani.

Soud alidhani ndiyo halas, mkewe ataacha. Mashavu alikaa juu ya gunia la mchele, akaugeuzageuza ule ufa. Baba yake alifua majembe ya chuma laini. Chuma hiki cha lori kilikuwa kigumu, na maji yalikipoza ghafla mno. Akainuka, akakata kipande kingine cha springi.

Safari hii mkono ulimvimba kabla kazi haijafika nusu. Soud alirudi kutoka bandarini akamkuta amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, nyundo ameihamishia mkono wa kushoto. Alivua kanzu, akaitwaa nyundo kubwa.

"Nipige wapi?"

"Pale ninapogusa na nyundo ndogo. Hapo hapo, usiende pembeni."

Mwanzo Soud alikosea, kisha wakaingia kwenye mwendo mmoja: Mashavu agusa, Soud apiga. Shoka lilipokamilika, Mashavu aliyapasha kidogo mafuta yaliyobaki ya kukaangia sambusa, yasiyopoza ghafla kama maji, kisha akalitoa shoka motoni na kulizamisha humo karaini. Mafuta yalitokota, yakanyamaza. Akalisikiliza. Halikulia. Akalirudisha karibu na makaa mpaka likapata rangi ya asali, ili lisimeguke, akalinoa kwa tupa, akalitia mpini wa mkunazi.

Baada ya Idi, huko Riyadh walimletea ngamia mchanga. Mashavu alikata mapaja mwenyewe, hakumwachia mtu, na kila baada ya mifupa michache alipitisha kidole makalini. Nyama ilipoiva, Bi Mwanamize akataka sahani zianze kutoka, kwa kuwa wanaume wamekwisha kaa.

"Subiri, bibi," akasema.

Akajipakulia, akatafuna polepole mbele ya wanawake wote wa jikoni, mpaka akamaliza. Kisha akafungua sufuria kubwa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa bado na kitambaa, akawaambia wapakue.