Nilivyomsahihisha Selina

Watu wananiita Madam Koneksheni, na mimi mwenyewe sijawahi kupata kazi kwa koneksheni. Naanza na hilo ili usije ukalisikia kwa wengine. Jina langu ni Editha, nina digrii ya uhusiano wa umma, na huu ni mwaka wa tano nauza kalamu na kutoa fotokopi katika steshenari ya baba mdogo Alute hapa Utemini, mjini Singida. Kinyozi hajinyoi. Vichwa vya wenzangu lakini nimevinyoa vizuri: grupu langu la WhatsApp lina watu arobaini na tatu, wote wanatafuta kazi za uhusiano na mawasiliano, na wengine tisa nimeshawaaga wakienda kuripoti kazini.

Kila nilipomuaga mmoja niliandika "Hongera sana, Mungu ni mwema", nikaweka na ua, halafu nikalaza simu kifudifudi mezani. Roho iliniuma, sikatai. Lakini ule ulikuwa wivu wa kawaida, wa kulala nao na kuamka nao, kama mtu mwenye vidonda vya tumbo anayejua ale nini na aache nini. Wa Selina ulikuwa mwingine.

Nilikuwa nafundisha Jumamosi mchana, wateja wakipungua. Wanafunzi walikaa kwenye mabenchi kati ya mashine ya fotokopi na katoni za karatasi, simu mkononi. Somo halikubadilika: fungua akaunti LinkedIn, andika fani yako, tafuta wakurugenzi na maofisa uhusiano, wafuate, changia wanachoandika mpaka walizoee jina lako. Picha tulipiga pale pale ukutani, na kwa kuwa koti jeusi lilikuwa moja tu, la baba mdogo, wote walilivaa kwa zamu. Ukipitia picha za wanagrupu wangu utadhani ni ndugu wa tumbo moja waliofiwa siku moja. Niliwafundisha na cha kuandika. Mkurugenzi akiweka jambo lake usimwambie "safi sana mzee". Andika Kiingereza, maneno mazito, mistari mitatu, kisha nyamaza.

Selina alikuja mwezi wa tatu. Kwao ni Ulemo, wazazi wake ni wakulima, ana diploma ya uandishi wa habari na anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Ni mtulivu, anamsalimia kila anayeingia dukani, hata aliyekuja kununua bahasha moja. Kila nilichosema alikiandika kwenye daftari. Nilimpenda, nisiwe mwongo, maana mtu anayeandika maneno yako kwenye daftari si rahisi kumchukia.

Sasa, kuna mzee anaitwa Calist, mkurugenzi wa kiwanda kipya cha kukamua alizeti, njia ya Misigiri. Nilijua anatafuta ofisa uhusiano kabla hajatangaza, kwa sababu kazi yangu ni kujua. Kazi ile niliitaka mimi. Nilimwandikia barua tatu inboksi, kwa Kiingereza kilichovaa tai. Alama ilionyesha amesoma zote tatu, na hakujibu hata moja. Nikawapa wanafunzi ukurasa wake kama zoezi, nikiwaza kwamba akiona komenti nyingi nzuri kutoka Singida atauliza nani anawafundisha hawa.

Mwezi wa tano mzee aliweka picha ya shamba la alizeti inayokaribia kuvunwa, na chini yake maelezo marefu ya Kiingereza kuhusu mnyororo wa thamani. Wanafunzi wangu wakajipanga. Wa kwanza alimsifu kwa maono, wa pili kwa uongozi, na Noel, ambaye hapendi kupitwa, alimsifu kwa uongozi wenye maono. Mimi niliandika aya nzima. Selina aliandika hivi:

"Shikamoo mzee. Poleni na jua. Hivyo vichwa vya mstari wa mwisho naona vimeliwa na ndege. Hata kwetu Ulemo wametusumbua mwaka huu. Wakulima wenu mnawashauri wafanyeje?"

Nilimwita pembeni. Nikamwambia mkurugenzi haamkiwi mtandaoni kana kwamba umekutana naye kisimani, na ndege si mada ya kitaalamu.

"Samahani dada," alisema. "Nilishindwa kumpita mzee bila kumwamkia."

Alikuwa anahangaika kuifuta ile komenti wakati simu yake ilipolia. Mzee Calist alikuwa amejibu: "Marahaba, binti. Una macho. Tazama inboksi yako."

Benchi zima walipiga makofi, na mimi nilipiga. Aya yangu ilikuwa pale pale juu ya maneno yake, hakuna aliyeigusa. Digrii, miaka mitano, barua tatu, na huyu wa diploma ameamkia tu, basi.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Selina kiliniudhi. Kiliniudhi kicheko chake. Uliniudhi mwandiko wake mzuri. Aliponiambia mzee amemuuliza jambo la ghala au la bei ya mbegu, nilimpa ushauri huku nikitamani mtandao ukatike mkoa mzima. Akipigiwa na mama yake waliongea Kinyiramba kwa sauti, wakacheka, nami nilijiaminisha kwamba wananicheka mimi. Wanagrupu wakaanza kumuuliza yeye maswali waliyokuwa wananiuliza mimi. Noel aliandika, "Selina, tupe siri." Siri! Ndani ya dakika tano nilikuwa nimeweka sheria mpya kwamba maswali yote yapitie kwa admini.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatano, Selina aliingia dukani na karatasi. Mzee Calist alikuwa amempa mtihani. Mashine ya kiwanda imeharibika, kwa wiki mbili hawatanunua alizeti, na wakulima wa Misigiri wameshapakia magunia. Aandike tangazo litakalosomwa kijijini, alitume kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Likimridhisha mzee, kazi ni yake, mkataba wa miaka miwili.

"Nimeliandika, dada, ila nina wasiwasi," alisema. "Nisahihishie. Sitaki nikuaibishe."

Wazee husema mchawi mpe mtoto akulelee. Nilipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Ndugu zetu wakulima wa Misigiri, poleni na kazi. Mashine yetu ya kukamua imekufa. Kifaa chake kinatoka mbali, na kwa wiki mbili hatutanunua alizeti. Tunajua mmeshapakia, na tunajua ada za watoto zimo ndani ya hayo magunia. Asiyeweza kusubiri auze kwingine, hatutamnunia. Atakayesubiri ayaweke magunia juu ya mbao yasiguse chini, unyevu usije ukamtia hasara. Mashine ikipona tutakuja kuwaambia sisi wenyewe. Hatutatuma mtu."

Nilianza kusoma nimesimama. Nilipofika kwenye "hatutamnunia" nikavuta kiti. Nilimwona mkulima wa Misigiri aliyekuja mkutanoni amefura, anasomewa neno lile, hasira inamshuka bila yeye kupenda. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hiyo ndiyo niliyoisomea miaka mitatu na kuifundisha miaka mitano, na sijawahi kuandika kitu kama kile, na nikiwa pale kwenye kiti nilijua kwamba sitaandika. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikachukua kalamu nyekundu.

"Mashine haifi, Selina. Mashine inapata changamoto za kiufundi."

"Sawa, dada."

"Ada za watoto zinakuhusu nini? Unaingilia familia za watu. Toa. Na hili la kuwaambia wauze kwingine, unamfanyia kazi mzee au washindani wake?"

"Niliona watauza tu, hata tukinyamaza."

"Toa. Kununa nako toa, ofisi hainuni."

Nilikata mstari mmoja baada ya mwingine, na kila nilipokata nilipata nafuu. Mwisho tukabaki na hili: "Uongozi wa kiwanda unapenda kuutaarifu umma kwamba, kutokana na changamoto za kiufundi zilizo nje ya uwezo wake, shughuli za ununuzi wa alizeti zimesitishwa kwa muda. Wadau wote mtajulishwa kupitia njia rasmi. Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Selina alilisoma mara mbili. "Mama yangu akisomewa hili ataelewa?"

"Hatumwandikii mama yako. Tunaiandikia ofisi."

Akaliandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake ule, na lile neno langu kuhusu mama yake pia. Akanishukuru. Alipofika mlangoni akageuka akanishukuru tena.

Alhamisi nzima nilikuwa nayo. Ningeweza kumpigia, neno moja tu, tuma lile la kwanza. Nilijiambia nimemfundisha utaalamu, na kama mzee hapendi utaalamu hilo ni lake. Nikatoa fotokopi za vyeti vya watu kutwa nzima. Ijumaa saa nne asubuhi nilituma maombi yangu mwenyewe kwa mzee Calist, barua ya nne, na saa sita ilipopita nikajikuta ninaimba.

Jumatatu Selina alikuja. Macho yake yalikuwa yamevimba kidogo lakini alimsalimia kila mtu, akasubiri mpaka mteja wa mwisho aondoke, ndipo akanipa simu nisome. Mzee Calist alikuwa ameandika:

"Binti, nilidhani nimepata mtu wa kuongea na wakulima. Watu wa kuandika hivi ninao ofisini, na kwa sababu yao ndiyo maana natafuta mwingine. Hili umeandika mwenyewe au umesaidiwa? Niambie ukweli, nikupe siku mbili uandike upya."

Chini yake Selina alikuwa amejibu: "Nimeandika mwenyewe, mzee."

Na mzee: "Basi nakutakia kila la heri."

Nilisoma mara ya pili kwa sababu sikutaka kuinua uso. "Kwa nini hukumwambia nilikusaidia?"

"Nimwambie nini, dada? Nikutaje wewe kwa mzee kama yule, akuone hujui kazi? Na ulishatuambia umemwandikia, anakufahamu. Ungekosa na wewe."

Maombi yangu ya Ijumaa yalikuwa na alama ya kusomwa. Hakuwa amejibu. Nilizima mashine ya fotokopi.

"Selina, nisikilize," nilisema. "Tangazo lako la kwanza lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika maishani mwangu. Mimi nililiharibu, na nililiharibu makusudi. Nilikuonea wivu."

Nilimsubiri alie, anitukane, anitupie simu, chochote. Alinitazama, kisha akacheka taratibu, akaushika mkono wangu.

"Jamani dada, usinifariji hivyo. Wewe na digrii yako, watu tisa wako makazini kwa ajili yako, unionee wivu mimi wa Ulemo?"

"Nakwambia kweli."

"Kosa ni langu. Nilikuwa naandika kama naongea na jirani, ukanisahihisha nikiwa nimeshachelewa, ndiyo maana mzee ameona halijakaa sawa. Ningekusikiliza tangu mwezi wa tatu nisingefika hapa."

"Selina, niliharibu kazi yako."

"Nimekusikia, dada. Asante kwa kunitia moyo."

Nilitaka kumwambia tena, ila nilimwona tayari anafungua mkoba. Alitoa karatasi nyingine. Kuna shirika moja hapa mjini linatafuta msaidizi wa mawasiliano, na mwisho wa kutuma ni kesho. Alisema Jumamosi na Jumapili alikaa na mifano yangu yote iliyoko kwenye grupu, akaisoma mmoja mmoja, mpaka akahisi ameushika mtindo.

"Nirekebishie na hii," alisema. "Safari hii nimejitahidi."

Barua ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ikasema mwandishi ni mtaalamu mwenye weledi, ari na shauku ya kuleta tija kwa taasisi yako tukufu. Ikasema yuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya shinikizo. Aya nne, zimepangwa vizuri, koma zote mahali pake. Nilitafuta ndani yake neno moja la Selina, ndege, mbao, mama, hata salamu tu, sikuliona. Nilitafuta kosa, nalo sikuliona.

"Vipi, dada? Ipo sawa?"

Alikuwa ameinama mbele yangu, kalamu yake tayari juu ya daftari. Nilirudia barua kutoka juu mpaka kwenye sahihi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano sikumwonea wivu hata kidogo.