Sahihi ya Makau

Siku ya mwethya, kazi ya kusaidiana, kwa Makau, wanawake ishirini na mmoja walijipanga shambani kwake Mitaboni, wakamchimbia mtaro wa kuzuia maji. Mbithe alikuwa wa saba kwenye mstari. Ndani ya leso alikuwa amefunga karatasi za kuomba Bunge lifute sheria moja.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Mjane akiolewa tena, haki yake juu ya shamba la marehemu inakatika. Mwanamume akifiwa, anaoa hata kesho na shamba linabaki lake. Mbithe alifiwa miaka sita iliyopita, bila mtoto. Bartholomew, mchoma matofali, alikuwa amemposa mara mbili, na mara mbili alijibiwa kwamba ekari tatu hazibadilishwi kwa mume, hata mume mzuri. Wa kwanza kuzidai angekuwa Makau, kaka ya marehemu.

Mbithe alipanga kumwomba sahihi baada ya chakula, tumbo likishashiba isyo ya mahindi na maharagwe. Mdomo wa Mutindi, aliyekuwa wa nane kwenye mstari, haukungoja. Huku akiinua jembe, alimuuliza Makau kama ameshaweka sahihi au kalamu imemshinda uzito.

Makau akasema hao wa karatasi ni wanawake wa kulisha mume wa pili kwa shamba la mume wa kwanza.

Majembe yaliwekwa chini moja baada ya jingine. Kanuni ya mwethya kila mtu anaijua: ukiwatukana waliokuja kukuchimbia, wanaondoka, na kwako hawarudi. Mtaro ulikuwa nusu, na mawingu ya Novemba yamekaa juu ya vilima vya Iveti.

"Shemeji," Mutindi alisema, "wewe ulifiwa Januari. Agosti ukaleta Mwikali. Nani alikuja kukuuliza shamba?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwikali mwenyewe, pale kwenye sufuria. Kisha mstari mzima.

Makau alifuta jasho. "Nikiweka sahihi hapa," akamwambia Mbithe, "siwezi tena kwenda kortini kukudai shamba; nitaonyeshwa jina langu mwenyewe."

"Huwezi."

"Na huyo Bartholomew atakuja mwethya?"

"Atakuja. Ako na mgongo mzima, nimeuangalia."

Makau akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Aliandika polepole kama mchonga vinyago, jina lote na namba ya kitambulisho.

Mbithe alijua sahihi moja haifuti sheria, na karatasi zilikuwa bado na nafasi nyingi tupu. Lakini hofu yake mwenyewe ilikuwa imeishia hapo. Mtaro ulipokwisha, alimpigia Bartholomew simu, akamwambia apeleke mbuzi wa mahari kwa baba yake Mbithe, huko Katangi. Akauliza wangapi. Akaambiwa amuulize mzee.