Kitenge cha Bibi Elinuru

Bibi Elinuru alikuwa hajawahi kuiona bahari. Nyumbani kwake Mtae, ukisimama nyuma ya jiko, ardhi inakatika ghafla na nyika inatandaa chini mpaka macho yanachoka. Watu walipomwambia bahari ni pana kuliko nyika ile, alicheka akawauliza kama wamekunywa.

Ndiyo maana mwanawe Jonas alipopanga kuwapeleka watoto ufukweni likizo ya Desemba, kusini ya mji wa Tanga, alimwambia mkewe, "Tumchukue na mama."

Dorothea alikubali. Alikuwa mwalimu wa sekondari pale Lushoto mjini, mwanamke nadhifu, mwenye kupenda mambo yaende kwa mpangilio. Hakuwa na ubaya na mama mkwe wake. Alichokihofia ni macho ya watu.

Na kweli, asubuhi ya kwanza hotelini, Bibi Elinuru alikunja vipande vya mkate na mayai mawili ya kuchemsha akavifunga kwenye pindo la kitenge chake, mbele ya wahudumu.

"Mama, chakula kipo tu, hata mchana watatupa," Dorothea alimnong'oneza.

"Najua, Mama Danieli. Ni cha watoto, wakishikwa na njaa njiani."

Watu wa meza ya jirani walitabasamu. Dorothea aliinamia chai yake, shingo ikimwaka moto.

Siku hiyo walikwenda kwenye jumba la samaki lililokuwa karibu na hoteli. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, na pande zote matangi makubwa ya kioo yenye mwanga wa buluu. Bibi Elinuru, na sweta lake la mlimani, alitembea taratibu akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake Danieli. Mbele ya kasa alisimama muda mrefu. "Huyu ni mzee kuliko mimi," alisema, na Danieli akacheka.

Walipofika kwa pweza, alimsogelea mkwewe.

"Mama Danieli, choo kiko wapi humu?"

Dorothea alikuwa ameinua simu, anawapiga watoto picha. "Subiri kidogo mama, tunamalizia. Kipo huko nje."

Bibi Elinuru alisubiri. Hakutaka kuuliza mara ya pili, na kwenye lile giza hakujua pa kutokea.

Chumba cha mwisho kilikuwa na birika la chini, wazi, ambamo watoto waliruhusiwa kuingiza mikono na kugusa viumbe wapole wa baharini. Jonas alibaki nyuma na binti yao mdogo, Yusta, aliyekuwa bado anang'ang'ania kasa. Danieli alikunja mikono ya shati na kuingia katikati ya watoto wenzake. Dorothea aliweka kikapu cha vyakula chini, kando ya birika, akaendelea kupiga picha.

Walipokuwa wanataka kutoka, Dorothea amekwishachukua kikapu chake, mhudumu wa pale, binti aitwaye Nasra, alisimama mlangoni.

"Samahani wapendwa. Kuna kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, haonekani birikani; ni yule mwekundu mkubwa. Akikaa nje ya maji anakufa. Tafadhali tuangalie, huenda mtoto amemchukua bila kujua."

Watu waliangaliana. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba kuna watu wakitoka kwao hawawezi kuona kitu wakakiacha. Dorothea alihisi kama ameambiwa yeye. Akageuka, akamwona mama mkwe wake.

Bibi Elinuru alikuwa amejibanza ukutani, peke yake. Alikuwa amekikusanya kitenge chake mbele kwa mikono yote miwili, amekikaza tumboni. Kitenge kilikuwa kimelowa, na matone yalikuwa yanadondoka sakafuni.

Dorothea alikumbuka mkate na mayai. Hakufikiri zaidi ya hapo.

"Mama," alisema, akimwendea, "mrudishie huyu dada kitu chake."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Mama, usitutie aibu. Fungua hapo."

Bibi Elinuru alimjibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini sana, akimwomba wasogee pembeni wawili tu. Dorothea akamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie kwamba yeye hashiriki. "Hapana, hapa hapa. Fungua."

Yule mama hakusogea. Dorothea akashika kitenge, akakivuta.

Mikono ya Bibi Elinuru ilikuwa mitupu. Hapakuwa na kitu ndani ya kile kitenge. Kulikuwa na kikongwe aliyesimama amelowa mpaka miguuni, na harufu ambayo kila mtu aliyekuwa karibu aliitambua.

Nasra ndiye aliyewahi kuzinduka, akawaomba watu watoke. Walitoka wakiwa wameangalia chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangecheka. Mlangoni walipishana na Jonas, Yusta yuko mgongoni. Aliona mama yake, akaona kitenge kimo mikononi mwa mkewe.

"Mama," Danieli alisema. "Mama, yuko kwenye kikapu."

Alikuwa amemtia yule kiumbe ndani ya hotipoti ya maandazi, akamwekea na maji asife, ili akamwonyeshe rafiki yake Lushoto. Kikapu kilikuwa kinaning'inia mkononi mwa Dorothea wakati wote aliokuwa anadai kitenge kifunguliwe.

Dorothea alimwosha mama mkwe wake kwenye choo cha wanawake, akamvisha khanga yake mwenyewe. Alisema, "Nisamehe mama," mara nyingi, huku maji yanamwagika. Bibi Elinuru aliinua mguu alipoambiwa ainue, akaushusha alipoambiwa ashushe.

Kesho yake walirudi. Kutoka Mombo barabara ilipoanza kupanda milima, Jonas aliongea na watoto tu. Walipopumzika Soni, Dorothea alinunua matunda damu akampelekea mama mkwe wake dirishani.

"Asante, mwalimu," Bibi Elinuru alisema.

Mwalimu. Hakuwahi kumwita hivyo tangu alipoolewa.

Wakamfikisha Mtae. Majirani walijaa uani kusikia habari za bahari, na Bibi Elinuru aliwasimulia vizuri: maji yasiyo na ng'ambo, kasa mwenye uso wa babu, samaki bapa kama ungo. Wanawake walimshika Dorothea mikono wakamshukuru. "Hongea, hongea mno," walimwambia. "Wangapi wanawakumbuka wakwe zao? Mungu akubariki."

"Alinitunza," Bibi Elinuru alisema, akiangalia kwingine.

Dorothea alitamani kupiga kelele kwamba si kweli. Lakini kuusema ukweli pale kungekuwa kumvua yule mama nguo mara ya pili. Ikabidi apokee sifa zote, moja baada ya nyingine, na kila moja akaijibu "amina".

Majirani walipotawanyika alimfuata jikoni, akapiga magoti kwenye vumbi la majivu.

"Mama, nimekukosea."

Bibi Elinuru aliendelea kuchochea moto. "Kujikojolea hakukuniuma. Mtoto hujikojolea, na mzee hujikojolea. Ila nimekaa kwako, nimelea watoto wako, nimelala kitanda kimoja nao. Na alipotafutwa mwizi ukaniona mimi."

Akasukuma ukuni mwingine motoni.

"Nitakusamehe. Lakini si leo, mwalimu. Leo nimechoka. Nenda, mume wako anakungoja."

Njia nzima ya kurudi Lushoto alilia bila sauti, ameelekeza uso dirishani. Jonas alimpa kitambaa. Hakumwambia kwamba yataisha.

Mwezi wa pili Bibi Elinuru alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa mama mmoja wa kanisani. Dorothea alikwenda huko kila jioni akitoka shule. "Shikamoo mama." "Marahaba." Kisha wanakaa. Aliosha vyombo vya watu, akamtia dawa machoni, akaaga. Mwenye nyumba alishangaa kwa nini mgonjwa asilale kwa mwanawe, na Dorothea akaendelea kusuuza vikombe.

Mvua za masika zilipopungua, simu ya Dorothea iliita akiwa darasani. Aliona jina, akatoka nje mbio mpaka wanafunzi wakashangaa. Siku zote mama huyo alimpigia Jonas.

"Viazi vimekomaa," Bibi Elinuru alisema. "Jumamosi njoo na magunia, na uvae nguo za shamba. Peke yako inatosha."

"Nitakuja mama."

"Njoo mapema. Kuna kazi."

Simu ikakatwa. Dorothea alibaki ameegemea ukuta wa darasa, shingo ikimwaka moto vilevile kama asubuhi ile ya hotelini, mpaka kengele ikagongwa.